Woka Moja, Watu Wawili

Mliobaki kwenye chumba cha mazoezi ya viungo hospitalini mmeniomba niandike namna ya kumchagulia mtu woka. Mngeweza kuniuliza siku mliponiaga nikistaafu, lakini siku ile kila mtu alikuwa na sahani ya pilau mkononi. Basi nimekaa nyumbani, mgongo wangu mwenyewe umeanza kudai mazoezi niliyokuwa nawalazimisha wengine, na ninaandika kadiri ninavyokumbuka.

Nilianza kazi Tunduma wakati huku kwetu bado kunahesabika Mbeya, Songwe haijawa mkoa. Nilifika na koti jeupe lililonizidi mikono na kichwa kilichojaa majina ya misuli. Chumba chetu zamani kilikuwa stoo ya magodoro. Kulikuwa na kitanda cha mbao, kioo kirefu chenye ufa, na bomba mbili za maji zilizochomelewa sambamba, ambazo wagonjwa walizishika wakijifunza upya kutembea. Mkuu wa chumba alikuwa Bi Kibona, mwanamke mfupi wa Ikinga kule Ileje, ambaye Kiswahili chake kilipanda na kushuka kama barabara ya kwao.

Siku ya kwanza sikupewa mgonjwa. Bi Kibona alinikabidhi woka, ile fremu ya bomba nyepesi yenye magurudumu ambayo mtu mwenye shida ya kutembea anaisukuma mbele yake, akaniambia nitembee nayo mpaka saa za kutoka, na mguu mmoja nisiukanyagie. Nilicheka. Yeye hakucheka. Kabla ya saa ya chai nilikuwa nimekwama kwenye mlango wa choo, uliokuwa mwembamba kuliko woka. Kwenye kokoto za uani magurudumu madogo yaligoma kama mbuzi anayepelekwa mnadani. Kantini nilinunua chai nikagundua sina mkono wa kuibebea, nikainywa nimesimama palepale kaunta, huku wapishi wakinipa pole ya ajali ambayo sikuipata. Jioni Bi Kibona aliniuliza nimejifunza nini. Nikasema mabega yananiuma. Akanijibu kwamba woka ile aliirefusha makusudi, na kwamba sasa sitasahau kupima.

Kweli sijasahau. Mgonjwa asimame wima, amevaa viatu au ndala anazovaa kila siku, mikono aiache ining'inie. Vishikio vije usawa wa pale mtu anapovaa saa. Vikiwa juu zaidi, mabega yanapanda masikioni. Vikiwa chini, mtu anainama kama anayetafuta sindano. Miguu ya woka ina vitufe vya kubonyeza na safu ya matundu, kwa hiyo kuirefusha au kuifupisha ni kazi ya vidole tu.

Aina mnazijua. Kuna isiyo na gurudumu hata moja, ya kuinua na kuweka, ambayo ni imara lakini inachosha. Kuna yenye magurudumu mawili mbele na miguu miwili nyuma iliyovalishwa mpira. Ukiiegemea, ile miguu ya nyuma inashika chini, basi inakusubiri. Halafu kuna ya magurudumu manne, yenye breki za mkono kama za baiskeli na kiti cha kupumzikia. Hiyo ndiyo kila familia inaitaka, kwa sababu inang'aa. Wanasahau kwamba inakimbia.

Mzee Salumu, mfanyabiashara wa malori aliyehamia Tunduma kutoka Singida, alipata kiharusi kikamlegeza mkono wa kushoto. Watoto wake wakamletea ya magurudumu manne kutoka ng'ambo, Zambia, nyekundu kama pikipiki. Kwenye mteremko wa kwenda msikitini alibana breki ya kulia peke yake, kwa kuwa kushoto vidole havikubani, woka ikageuka na kumpeleka mtaroni. Hakuumia, ila kanzu ilichafuka mbele za watu. Nilipomletea ya magurudumu mawili alikataa, akasema hiyo ni ya wagonjwa. Bi Kibona alimuuliza jambo moja tu, kwamba anataka kufika wapi. Mzee akasema msikitini, kwa miguu yake, bila kushikwa. Bi Kibona akamwambia basi achague mwenyewe, kwa maana moja imeshamwonyesha inakofika. Mzee Salumu alicheka mpaka akakaa. Tangu siku hiyo mimi nami nilikuwa namuuliza kila mtu anataka kufika wapi, kabla sijashika futi ya kupimia.

Bi Kibona alistaafu akarudi Ikinga, chumba kikawa changu. Sasa niwasimulie kesi iliyonisumbua kuliko zote, na ilinijia miaka yangu ya mwisho, nilipodhani nimekwisha kuona kila kitu.

Mama Elia alikuwa mkulima wa kahawa kijijini Iyula, mfupi, mkimya, mwenye macho ya kucheka. Alianguka kwenye bafu la nje akavunja nyonga, akafanyiwa upasuaji Mbeya, kisha akaletwa kwangu na mwanawe. Elia ana duka la vipuri vya malori Tunduma na nyumba Chapwa, hukohuko mjini. Ni kijana mwema ambaye kosa lake ni kuwa na haraka. Mama mikono yake ilikuwa mizima, ila mwili ulikuwa unayumba bado. Nilimpa ya magurudumu mawili, nikampimia, nikamfundisha kugeuka kwa hatua ndogo na kutokaa mpaka asikie kiti kimegusa nyuma ya miguu yake. Nilipomuuliza anataka kufika wapi, alisema jikoni kwake. Kule nyumbani alikuwa akiishi na mume wake, Baba Elia, ambaye sikuwa nimemwona. Mama alisema ni mrefu na hapendi hospitali.

Alipokuja mara ya kwanza kukaguliwa, woka ilikuwa juu mno. Mabega yake yalikuwa masikioni. Nikadhani vitufe vimelegea, nikaishusha, nikakaza. Mara iliyofuata ikawa juu tena, palepale. Nikabadilisha springi za vitufe. Mara ya tatu ilikuwa juu vilevile, na safari hii niliipindua nikaitazama vizuri. Mipira ya miguu ya nyuma ilikuwa imelika upande mmoja. Udongo mwekundu ulikuwa umeganda kwenye magurudumu, na kwenye ekseli palikuwa na jani bichi la mkahawa.

Nilimwambia Mama Elia, kwa upole lakini bila kuficha, kwamba woka hii si ya shambani. Ardhi ya kwenye mikahawa ni laini na ina mashimo, na akianguka tena kabla nyonga haijashika, tutarudi mwanzo au pabaya zaidi. Aliinamisha kichwa akasema amesikia, hatarudia. Hakujitetea hata kwa neno moja. Aliyejibu alikuwa Elia, ambaye alikuwa amesimama mlangoni na funguo za gari mkononi.

"Mama, kama hukai ndani, nitakuchukua uje Chapwa. Mwisho wa mwezi. Baba naye akitaka aje, asipotaka abaki na kahawa yake."

 Niliiona mikono ya Mama Elia ikibana vishikio mpaka mishipa ikasimama.

Jambo hilo lilinikaa. Mgonjwa mkaidi ninamjua, na huwa ana maneno mengi. Huyu alikubali kosa haraka mno, na hatua zake zilikuwa za mtu wa ndani ya nyumba, fupi na za uangalifu, wala viatu vyake havikuwa na tope. Wiki ile gari la huduma ya mkoba, lile linalopeleka matibabu vijijini, lilikuwa linakwenda zahanati moja ya upande wa Iyula. Niliomba nafasi, nikashuka njiani.

Nilimkuta Mama Elia barazani, amekaa kwenye kiti chenye mto, kitenge miguuni, jua la mchana likimpiga magoti. Alifurahi kuniona, akataka kuinuka nikamzuia. Tulizungumza vizuri tu, habari za mvua, za watoto wangu, za nyonga. Nikamuuliza woka iko wapi. Akasema ipo. Nikatazama pembeni yake, nikatazama mlangoni, haikuwepo. Kwenye vumbi la uani, mbele ya miguu yetu, kulikuwa na michirizi miwili ya magurudumu ikielekea nyuma ya nyumba.

Niliifuata. Ilipita zizi, ikapita vichanja vya kuanikia kahawa, ikaingia kati ya mistari ya mikahawa. Mwishoni mwa mstari nilimkuta mzee mrefu sana, amevaa kofia ya sufu, mkono mmoja umeshika woka, mwingine unavunja machipukizi ya mkahawa. Alikuwa akivunja matatu au manne, halafu anaegemea vishikio kwa mikono yote miwili na kuvuta pumzi. Kisha anasogea mti unaofuata. Kila alipokanyaga mguu wa kulia, uso wake ulikunjamana.

Aliponiona hakukimbia, na asingeweza. Nilijitambulisha. Tulisimama pale tukiitazama woka kama watu wawili waliokutana na mbwa wa jirani.

Alinieleza mwenyewe, bila kuulizwa sana. Nyonga zake zilikuwa zimeanza kukataa hata kabla mke wake hajaanguka, na pumzi nayo siku hizi ni fupi. Hakumwambia mtu. Mke akishakula mchana, husinzia pale barazani, na hapo ndipo yeye huichukua, huzunguka kahawa yake, na kuirudisha kabla hajaamka.

"Daktari, usimwambie mama," alisema. "Na Elia ndiyo kabisa. Elia anamwacha mama yake hapa kwa sababu anajua mimi nipo, nateka maji, nakoka moto. Akijua kwamba na mimi ninahitaji kitu cha kushika, atasema huku hakuna wa kumtunza mwenzake. Atamchukua. Akienda yeye, mimi hapa nabaki nafanya nini?"

Nikamuuliza kama anajua kwamba mke wake amekubali lawama ya kuipeleka shambani. Hakujua, hakuwepo siku ile. Nilipomsimulia, alivua kofia akaikunja, akaivaa tena.

Tulirudi pamoja polepole, yeye akisukuma. Nilitangulia hatua chache, na tulipokaribia kona ya nyumba, magurudumu yalianza kulia kwenye kokoto za uani. Ndipo nikaona jambo ambalo yeye, akiwa nyuma yangu, hakuliona. Mama Elia, ambaye nilimwacha yuko macho kabisa, alisikia mlio ule, akaegemeza kichwa kwenye kiti na kufumba macho. Alifungua na mdomo kidogo, ili usingizi uaminike.

Baba Elia aliiweka woka pembeni ya kiti bila kelele, akakohoa. Mke wake akafumbua macho, akajinyoosha.

"Ee, Daktari," akasema. "Karibu sana. Umefika saa ngapi?"

Nimefanya kazi hii miaka mingi na sijawahi kuumwa na mbavu kwa kuzuia kicheko kama siku ile. Nikamwambia nimefika sasa hivi.

Lakini haikuwa ya kucheka tu. Watu wawili wenye urefu tofauti hivyo hawawezi kutumia woka moja. Lazima mmoja ataanguka, na mwenye mfupa uliounganishwa juzi ndiye angelipa. Nikamwambia mzee asimame, nimpime, kwa kisingizio kwamba nilikuwa napima wazee wote wa njia ile. Alisimama kwa shingo upande, mikono ikining'inia, nami nikaivuta woka ya mke wake mbele yake, nikainama nikitafuta tundu linalofaa. Na hapo sauti ikatoka kwenye kile kiti.

"Usihangaike, Daktari. Iko sawasawa. Hapo ndipo mikono yake inapokaa vizuri."

Baba Elia aligeuka taratibu. Walisema kitu kwa Kinyiha ambacho sikukipata, kisha wakarudi kwenye Kiswahili, nadhani kwa heshima yangu.

"Ulijua?"

"Sasa ulidhani nani anakupandishia?"

 Mzee akasema, kwa unyenyekevu wa kweli, kwamba yeye alidhani ni vifaa vya siku hizi, vinajiweka vyenyewe kwa kipimo cha mtu aliyevishika.

Mama Elia alitueleza. Mwanzoni mzee alikuwa akiichukua vilevile ilivyo, fupi, akiinama mpaka usiku analalamika mgongo na kusingizia kitanda. Ikawa kila wakimaliza kula, mzee akigeuka kidogo, yeye mke anailaza mapajani, anabonyeza vitufe mguu mmoja mmoja, anairefusha, kisha anasinzia. Ikirudi, anaishusha. Siku za hospitali mzee alitaka kuiona kahawa yake asubuhi kabla woka haijaondoka, mke akijifanya bado amelala, na Elia alikuwa anafika na haraka zake, basi hapakuwa na nafasi ya kuishusha.

"Kwa hiyo hukuwa unalala," mzee alisema.

"Mchana kutwa hivyo, wewe uko kwenye mashimo, ningelala usingizi gani?"

Mzee alikaa kwenye gunia lililokuwa pembeni.  Mke wake alinyoosha mkono akamkung'uta majani begani, na mazungumzo hayo yakaishia hapo.

Niliwaambia wazi kwamba siwezi kulibeba jambo hili peke yangu na kwamba Elia lazima ajue. Walikubaliana kwa kutazamana. Jumamosi Elia alikuja, nami nikaja kwa sababu mama aliomba niwepo. Kijana alisikiliza mpaka mwisho, akashika kichwa. Akasema basi ndiyo wote wawili wahame, na safari hii hakusema kwa hasira, alisema kwa hofu. Alisema kila simu inayoingia usiku kutoka Iyula, kabla hajapokea, ameshawazika.  Aliyejibu ni mama.

"Elia, kule Chapwa nitakuwa mgonjwa wako. Hapa mimi ni mke wa mtu, na yeye ni mume wa mtu. Tusaidie hapahapa."

Elia alitoka nje. Tulimwona dirishani akitembea kutoka bafu la nje mpaka mlango wa jikoni, akirudi, akipiga kizingiti kwa ncha ya kiatu. Aliporudi aliniuliza, "Daktari, tunaanzia wapi?"

Tulianzia kwenye duka la vifaa vya hospitali, na hapa ndipo ilipo sehemu mliyoiomba. Muuzaji wa Tunduma alituletea ya magurudumu manne, ndogo, nyepesi, inang'aa. Nikamwambia Elia aitoe nje aisukume kwenye kokoto za maegesho. Ilikwama. Tukaomba yenye magurudumu makubwa, mapana, maana gurudumu dogo ni la sakafu ya marumaru. Nikamwambia abane breki, aifunge, kisha aisukume kwa nguvu zote. Isiteleze hata kidogo, kwa kuwa mtu atakaa juu ya kile kiti. Nikamwambia aikunje mwenyewe, ainue. Nikampa upana wa mlango wa baba yake, niliokuwa nimeupima. Muuzaji aliuliza kwa nini mama apewe ile ya kawaida na baba apewe hii kubwa. Nikamweleza kwamba baba amezoea panga maisha yake yote, vidole vyake vinaweza kubana breki, miguu yake haiyumbi bali inachoka na kuuma, na mtu anayechoka anahitaji mahali pa kukaa njiani. Mama hachoki haraka, ila anayumba, na anayeyumba hapewi kitu kinachokimbia. Watu wawili wanaokaa nyumba moja na kula chungu kimoja wanaweza kuhitaji vitu viwili tofauti kabisa.

Elia alileta vijana wakasawazisha njia mpaka mstari wa kwanza wa mikahawa, wakaishindilia. Nilimsihi mzee aishie hapo, kwenye mistari asiingie, na ameahidi, kwa jinsi wakulima wanavyoahidi. Kizingiti cha jikoni kilikatwa. Bafu likapata sakafu ya saruji ya kukwaruza na bomba la kushika. Msichana wa ukoo akaja kukaa nao, kwa ajili ya maji na kuni.

Nilikwenda siku ya kukabidhi. Nilimfundisha mzee kufunga breki kabla ya kukaa, akairudia hiyo mpaka ikawa tabia. Elia alikuwa ameshika simu tayari kupiga picha, kwa sababu wote tulitegemea kuona jambo lilelile: wazazi wawili, woka mbili, wakitembea bega kwa bega kuelekea barabarani. Dada yake wa Mbeya alikuwa ameahidiwa hiyo picha.

Baba Elia alishika vishikio, akasema anakwenda kuangalia kahawa, akakata kushoto. Mama Elia akashika vya kwake, akasema ana miezi hajafika kwa jirani yake, akakata kulia. Elia alibaki katikati ya ua na simu yake, akigeuza kichwa huku na huku, hajui amfuate nani.

Walirudi saa ya chakula, mmoja baada ya mwingine, wamechoka vizuri. Tulikula pamoja. Kwa muda mrefu wale wawili walikuwa wakikaa mahali pamoja, kila mmoja akimlinda mwenzake kwa siri, na nadhani maneno yalikuwa yameanza kuwaishia. Siku ile mzee alianza kusimulia mti mmoja uliopata kutu ya majani, mke wake akamkatiza na habari ya ndama wa jirani, naye akaikatiza ile ya ndama. Mimi na Elia hatukupata nafasi ya kuchomeka hata neno.